Masikio Hayapiti Kichwa

Mtu akikuambia kwamba anasikia kitu kwenye wimbo ambacho wewe hukisikii, utafanya nini? Unaweza kumwamini, kwa sababu alianza kusikiliza kabla hujazaliwa. Unaweza kumcheka. Ama unaweza kutingisha kichwa kama umesikia, ndio usionekane mshamba. Nadhani hiyo ya tatu ndiyo mbaya zaidi, na ndiyo tunayoichagua mara nyingi, kwa kahawa, kwa sanaa, hata kwa siasa. Lakini wacha niongee kuhusu muziki, kwa sababu huko ndiko nilikofunzwa.

Niko kwa kikundi kidogo cha watu wanaopenda vyombo vya muziki vya nyumbani. Hatuna jina wala mwenyekiti. Kuna dereva wa matatu, mwalimu wa hesabu, fundi wa redio aliyestaafu, na vijana kadhaa kama mimi ambao mshahara huisha tarehe kumi na tano. Tunanunua amplifaya na spika zilizotumika Uingereza, zile wauzaji wanaita "ex-UK". Tunazipakata kwa matatu kutoka Luthuli Avenue hadi mtaani, halafu Jumapili mchana tunaketi kwa mmoja wetu, tunasikiliza na kubishana.

Karibu kila kitu ninachokijua kuhusu sauti nilipewa bure na watu hawa. Mwalimu alinionyesha kwamba spika ikisukumwa kwenye kona, kuta huiongezea besi nguvu hadi inammeza mwimbaji. Ukiivuta mbele kidogo, mwimbaji anarudi. Dereva alinifunza kwamba ukigeuza waya za chanya na hasi kwa spika moja tu, spika hizo mbili zinaanza kugombana: moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi inapotea. Fundi naye alinikanya nisipumbazwe na sanduku lililoandikwa maelfu ya wati za PMPO, hesabu ambayo kila kiwanda hujipigia kivyake. Geuza chombo, alisema, usome pale nyuma kinakula umeme kiasi gani. Kama kinakula wati 60, hakiwezi kukutolea wati 5,000 wimbo mzima. Hakuna amplifaya inayozaa umeme.

Masomo hayo matatu yana kitu kimoja kinachofanana: hakuna hata moja lililonitaka niamini tu. Vuta spika, geuza waya, soma pale nyuma. Dakika tano baadaye nilikuwa nimejua mwenyewe. Na kama mwalimu wangu angekuwa amekosea, ningejua hilo pia.

David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alichapisha insha kuhusu kipimo cha ladha mwaka 1757. Ndani yake anasimulia kisa alichokitoa kwenye Don Quixote ya Cervantes. Watu wawili walipewa divai waionje. Wa kwanza akasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni nzuri, ila ina ladha ya chuma. Waliokuwapo wakawacheka wote wawili. Pipa lilipomwagwa, chini kabisa kukapatikana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa kamba ya ngozi.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinamtetea mjuzi. Kuna watu wanaosikia zaidi yetu, na kicheko chetu hakiwapunguzii kitu. Hume anasema hata pipa lisingemwagwa, ndimi zao zingekuwa kali vilevile. Ingekuwa tu vigumu kuwathibitishia waliocheka. Swali langu ni la upande wa pili. Je, na yule ambaye pipa lake halimwagwi kamwe?

Kwetu swali hilo lilikuja kupitia waya. Fundi wetu, ambaye sote tunamwita Mzee, alikuwa na waya za spika za bei kali, zawadi ya mwanawe aliye ng'ambo. Alishikilia kwamba zinafungua sauti. Kijana mmoja wetu akaanza kupanga kuchukua mkopo wa simu wa Sh15,000 anunue kama hizo. Hapo mambo yakakoma kuwa ya gumzo.

Lakini nani angemwambia Mzee tumpime? Tumelelewa tukijua kwamba mkubwa hapimwi. Kumwomba athibitishe ni kama kumwita mwongo. Na kunyamaza nako kungemaanisha kwamba heshima yetu kwake italipiwa na mtu mwingine, tena kwa riba.

Ikawa ni yeye mwenyewe aliyesema, "Nifungeni macho."

"Mzee, kweli hautakasirika?" mwalimu akauliza.

"Nimetengeneza redio miaka arobaini. Redio haijali hasira zangu."

Tukamfunga leso. Tukachukua waya zake na waya za kawaida za duka la vifaa vya umeme, urefu ule ule, sauti ikiwa kiwango kile kile, maana sauti ikipanda hata kidogo sikio hudhani imekuwa bora. Kila raundi tulirusha shilingi kuamua ni waya gani zitumike. Raundi kumi. Mzee akapatia sita. Mwalimu akatufafanulia polepole: mtu anayebahatisha tu, ukimpa jaribio kama hilo mara kumi, karibu mara nne atapata sita au zaidi.

Hiyo haikuthibitisha kwamba waya zote duniani ni sawa. Raundi kumi ni chache. Ilichotuonyesha ni kwamba tofauti iliyokuwa mbingu na ardhi macho yakiwa wazi, macho yakifungwa ilibidi kutafutwa kwa tochi. Wahenga waliposema masikio hayapiti kichwa, walimaanisha mdogo hampiti mkubwa. Mimi sasa naielewa methali hiyo kama ilivyo. Kichwa kikishaambiwa waya hii ni ya bei, sikio linafuata nyuma kama mtoto sokoni. Mzee hakuwa anadanganya. Alisikia kweli. Ila alichokisikia pengine hakikuwa kwenye waya.

Sasa kuna atakayesema, basi tupime kila kitu kwa mashine na masikio yanyamaze. Hapana. Kitu kikubwa zaidi alichonipa Mzee hakikuhitaji mashine. Alicheza "Sina Makosa" ya Les Wanyika, akaniambia nimsahau mwimbaji, nifuate gita la besi peke yake mwanzo hadi mwisho. Wimbo niliousikia kwa harusi na kwa matatu tangu utotoni ukawa kama nyumba yenye chumba ambacho sikujua kipo. Tangu siku hiyo sihitaji Mzee awepo ndio nikione. Huo pia ni ufunguo wa chini ya pipa, na nimeushika kwa mkono wangu.

Cha ajabu ni kwamba umri umempunguzia masikio. Zile sauti nyembamba za juu kabisa hazimfikii tena. Huniuliza, "Hebu niambie, hayo matoazi yanalia aje?" Mimi namwazima masikio, yeye ananiazima umakini.

Kwa hivyo siwapangi walimu kwa umri wao wala kwa bei ya vyombo vyao. Kuna anayekuambia, "Fanya hivi, sikiliza, kisha uniambie." Na kuna anayekuambia, "Kama husikii, chombo chako ni duni," ama "masikio yako bado." Huyu wa pili hawezi kushindwa: ukisikia, amethibitishwa, usiposikia, wewe ndiye mwenye kasoro. Hata akiwa na haki, hajakufunza. Amekuaibisha tu, na mjini hapa aibu ndiyo inayotuuzia vitu vingi.

Niliyopewa bure ninadaiwa, na Mzee hataki malipo. Nadhani njia ya kulipa ni kumpa anayekuja nyuma yangu kile ninachokijua pamoja na namna ya kunikosoa, hata kama siku moja atanivua heshima mbele ya watu kwa leso na shilingi.

Kijana yule hakuchukua mkopo. Alinunua mita kumi za waya za kawaida, na bado anaapa kwamba zile za Mzee zina kitu. Hatumkatazi. Leso iko, waya ziko, na Jumapili hatuna haraka.