Kuingia Si Kukaa

Kwenye duka la spea kuna swali moja ambalo kila mtu huuliza: "Hii itaingia?" Muuzaji anachukua nati, anaizungusha kwa vidole kwenye studi, nayo inateleza hadi mwisho. "Si unaona, bosi? Imeingia." Pesa inatumwa kwa M-Pesa na kila mtu anaendelea na siku yake. Sioni mahali muuzaji amedanganya. Na bado nadhani kuna jambo baya limetendeka hapo, tena nataka tulifikirie polepole.

Kwanza tuelewane kuhusu nati yenyewe. Nati ya gurudumu ina mambo mawili: hesi, yaani ile mistari ya ndani inayoshika studi, na uso, yaani pale inapogusa rimu. Hesi ikikosea, utajua. Magari mengi madogo ya Toyota na Honda yana studi ya milimita 12, na umbali kati ya mstari na mstari ni milimita 1.5. Nissan na Subaru ni 12 kwa 1.25. Lazimisha nati ya Toyota kwenye Nissan, itazunguka kidogo kisha igome. Hilo ni kosa lenye heshima zake, linapiga kelele mapema.

Uso haupigi kelele. Rimu nyingi za aloi zilizokuja na Toyota kutoka kiwandani zinataka nati yenye shingo na wosha bapa. Rimu ya chuma ya gari hilohilo inataka nati iliyochongoka kama koni. Rimu za Honda zinataka uso uliobinuka kama mpira. Na zile aloi za kununua kando, za kupendezesha gari, kwa kawaida zinataka koni ya nyuzi 60. Hesi ya zote hizi inaweza kuwa moja. Kwa hivyo nati ya Honda itaingia kwenye studi ya Toyota safi kabisa, na haitakaa.

Kukaa ndiko kazi ilipo. Wengi wetu hudhani gurudumu limening'inia kwenye studi kama koti kwenye msumari. Sivyo. Nati inabana rimu kwenye habu kwa nguvu, hadi msuguano kati ya hivyo viwili ndio unaobeba mzigo. Uso usiolingana unagusa mstari mwembamba tu. Aloi ni laini kuliko chuma: inabonyea pale, mbano unapungua, nati inalegea, rimu inaanza kucheza, studi zinachoka na kukatika. Kukaza zaidi hakusaidii. Unazidi tu kuponda aloi.

Sasa turudi kwa muuzaji. Aliulizwa kama itaingia, akajibu inaingia. Kila neno ni kweli. Lakini mteja aliuliza hivyo kwa sababu hakujua kuna swali lingine. Anayelijua swali hilo, akanyamaza ili auze, amefanya biashara na kutojua kwa mwenzake. Kwangu mimi huo ni udanganyifu, hata kama hakuna neno la uongo lililotamkwa.

Nimejaribu kumtetea, na utetezi wake si mwepesi. Kwanza, labda naye hajui. Sawa, ila anayeuza nati kutwa ana deni la kujua kuliko anayenunua mara moja kwa miaka mitano. Pili, mteja hana pesa. Magurudumu manne yenye studi tano tano yanataka nati 20, na zinazofaa si bei ya zile za kuokota kwenye debe. Mwambie ukweli, na huenda akaondoka bila kununua, aendeshe na nati tatu kila gurudumu. Hii inaniuma kwa sababu iko. Tatu, ile tunayoisikia sana: "Ni gari yake, ni maisha yake. Kwani yeye ni mtoto?"

Gurudumu likichomoka Thika Road halimtafuti mwenye gari. Linaenda linakotaka: kwa wanaongoja matatu kwenye steji, kwa mama wa mahindi choma, kwa mtu wa boda. Hao hawakuulizwa chochote. Mtu anaweza kukubali hatari yake mwenyewe, hawezi kuwakubalia wengine ya kwao. Na hapo hata hoja ya umaskini inapungua nguvu, maana anayesimama steji mara nyingi ana kidogo kuliko mwenye gari.

Kuna fundi mmoja wa makamo kule Kariobangi niliyemwona akikataa kazi. Kijana alikuja na rimu mpya za aloi na mfuko wa nati. Fundi hakuhubiri. Alichovya kidole kwenye masizi ya bomba la moshi, akayapaka kwenye uso wa nati, akaikaza kiasi, akaifungua. Ndani ya tundu la rimu kulibaki alama nyembamba kama uzi. Akatoa nati ya koni kwenye kopo lake, akarudia. Safari hii tundu lilikuwa jeusi pande zote.

"Umeona, kijana wangu?"

"Nimeona, mzee. Lakini si zitashika tu hadi mwisho wa mwezi?"

"Hizo sifungi."

Kijana akaenda kwa fundi wa jirani, akafungiwa. Rafiki niliyekuwa naye alicheka: "Mzee amekosa doo, na nati zimefungwa tu. Sasa amefaidi nini?"

Ni swali la haki. Gari liliondoka na hatari ileile. Lakini kabla ya masizi kijana alikuwa hajui, na baada ya masizi alikuwa anachagua. Fundi hakuweza kumlinda mtu wa steji. Alichoweza ni kukataa kuwa mkono unaomhatarisha, na kumwacha kijana akijua cha kununua siku pesa ikipatikana. Fundi wa jirani hakumwachia kitu kama hicho. Ni kidogo, na barabara zetu zinahitaji zaidi ya dhamiri ya mtu mmoja. Ila kidogo hicho kiligharimu masizi na dakika mbili, kwa hivyo sijui anayejua atajitetea vipi asipokifanya.

Nasi wanunuzi tuna sehemu yetu. Ukienda dukani, beba nati moja ya zamani na picha ya tundu la rimu. Usiulize kama itaingia, uliza itakaaje. Anayejua atakujibu, asiyejua atalazimika kutafuta. Na ukishafungiwa, endesha kilomita 50 hadi 100, kisha simama uzikague tena kwa spana.