Jina halijatoka: Je, dua ya leo imechelewa?

KUANZIA Agosti hadi Oktoba, wakati upepo wa Dodoma unapeperusha vumbi na majani yote yamekauka, vijana wetu waliomaliza kidato cha sita huwa na kazi moja kubwa, nayo ni kutazama simu. Mtihani waliufanya Mei, matokeo wakayapata Julai, wakaomba vyuo. Sasa wanasubiri majina.

Mwaka jana, baada ya swala ya Alasiri, binti mmoja niliyemfundisha Maarifa ya Uislamu alinijia akiwa na mama yake. Alama zake zilikuwa nzuri na zilitosha kwa kozi aliyoitaka. Lakini walioiomba walikuwa wengi kuliko nafasi, na awamu ya kwanza ilipotoka jina lake halikuwemo. Hakuambiwa kuwa hafai. Alitakiwa aombe tena awamu ya pili. Akaomba, dirisha la maombi likafungwa, na sasa ilibaki orodha kutangazwa tu.

"Ustadh," akaniuliza, "orodha si imeshapangwa? Majina yamo tayari kwenye kompyuta zao. Sasa mimi nikiamka usiku kuomba dua, naomba nini? Kama jina limo, limo. Kama halimo, halimo."

Mama yake akamkatiza: "Aache maswali ustadh, mwambie aombe tu."

Nami nilimjibu haraka haraka kwamba Allah (SW) yu pamoja na wenye kusubiri, nikamuombea kheri, wakaondoka. Nilipofika nyumbani nikaona kuwa sikumjibu. Nilimtuliza tu. Swali lake lilikuwa la kweli, na mtu anayeuliza swali la kweli kuhusu dini yake anastahili jibu, siyo kunyamazishwa kwa maneno mazuri. Makala hii ni jaribio la kulipa deni hilo.

Orodha na elimu ya Allah

Kwanza tujiulize, je ni kweli kwamba dua inafaa kwa jambo ambalo halijatokea tu? Binti yule aliandika mtihani wake Mei. Juni nzima alikuwa akiomba afaulu, na karatasi zilikuwa zimeshakusanywa. Majibu sahihi yalikuwa sahihi na makosa yalikuwa makosa. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia kuwa dua yake imechelewa. Wazazi wote hufanya hivyo, na walimu pia.

Tunafanya hivyo kwa sababu, hata tusipoweza kueleza, tunajua kwamba kuchelewa ni hali yetu sisi viumbe. Sisi tuko ndani ya wakati. Jana imetupita na kesho hatujaifikia. Allah (SW) hajifunzi jambo kwa kulisubiri. Mkono utakaoinuliwa leo usiku aliujua kabla ya kompyuta kuwashwa, kabla ya chuo kujengwa, na kabla ya mwombaji mwenyewe kuzaliwa. Basi asemaye "orodha imeshapangwa, dua haina nafasi" anadhani kuwa Allah anaipokea dua yake baada ya mwenye kupanga orodha kumaliza kazi. Huko ni kumpimia Muumba kwa saa ya ukutani.

Lakini kuna upande wa pili, nao ni adabu. Mtu akishaijua orodha, akaona kwa macho yake kuwa jina halimo, hapo asikae kuomba kwamba alichokiona kisiwe alichokiona. Mtume (SAW) ametufundisha tushikilie lenye manufaa kwetu, tumtake Allah msaada wala tusijione wanyonge, na likitusibu jambo tusibaki katika "lau ningefanya hivi, ingekuwa hivi", kwa sababu neno hilo humfungulia shetani kazi yake. Lau ningeomba chuo kingine, lau ningechagua kozi nyingine! Kwa hiyo dua ya asiyejua ina nafasi yake, na mwenye kujua ana dua yake nyingine, ya jambo lililo mbele yake.

Hudaybiya

Wapo wanaodhani kuwa kuumia kwa jambo lililoahirishwa ni upungufu wa imani. Tuwarejeshe mwaka wa 6 Hijria (628). Mtume (SAW) alitoka Madina na Masahaba wapatao 1,400 kwenda Umra. Walikuwa ndani ya ihram, na wanyama wa kuchinja wanao. Wakafika Hudaybiya, karibu kabisa na Makka, wakazuiwa. Mkataba uliofungwa ulikuwa na sharti zito, kwamba mwaka ule warudi, na waje mwaka unaofuata wakae siku tatu.

Masahaba waliumia. Umar bin Khattab (RA) alimuuliza Mtume (SAW) kama hakuwa amewaambia kwamba watafika kwenye Nyumba. Akajibiwa kwa kuulizwa kama aliambiwa kuwa ni mwaka ule. Mtume alipowaamrisha wachinje na kunyoa, hakuna aliyeinuka, kwa uzito wa huzuni. Ndipo Ummu Salama (RA) alipomshauri atoke asiseme na mtu, achinje wake na kunyolewa. Alipofanya hivyo, wote wakainuka. Katika safari ya kurudi ikateremka Suratul Fat'h, inayotaja ushindi, na mwaka wa 7 Hijria waliingia Makka wakafanya Umra yao.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza, huzuni haikuwatoa Masahaba katika imani, hivyo tusiwaambie vijana wetu kwamba kulia ni kukufuru. La pili, walichotakiwa kufanya katika saa ile ya uchungu hakikuwa kitu kikubwa. Ilikuwa ni kutenda amali iliyofuata, kuchinja na kunyoa, kisha kuanza safari.

Hata hivyo tuwe wakweli. Masahaba walikuwa na ahadi ya Allah. Kijana wa Majengo au Chang'ombe hana ahadi ya kuingia chuo fulani. Tukimwambia "utapata tu, inshaallah" kana kwamba tumeiona orodha, tunatumia jina la Allah kumtuliza kwa jambo tusilolijua. Asipopata, atadhani kuwa ni Allah aliyevunja ahadi, kumbe ni sisi tuliotoa ahadi isiyo yetu.

Na hata kuingia si mwisho wa kusubiri. Watu wa Dodoma tunakumbuka Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi walipoondolewa Chuo Kikuu cha Dodoma na kurudishwa makwao. Walikuwa wameshachaguliwa, wana vitanda na vitambulisho. Wakaanza kusubiri upya, hadi wengi wao walipopangiwa vyuo vya ualimu mwaka huohuo. Basi anayeufanya moyo wake uning'inie kwenye orodha, hata orodha ikimtaja hatatulia.

Milango mbalimbali

Baadhi yetu tunafahamu tawakkul kuwa ni kukaa. Nabii Yaqub (AS) alipowatuma wanawe Misri kutafuta chakula aliwausia wasiingie kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali. Katika aya hiyohiyo akawaambia kuwa yeye hawezi kuwafaa kitu mbele ya hukumu ya Allah, na kwamba kwake Yeye ndiko alikotegemea (Qur'an, 12:67). Tazama, ndugu msomaji, mpango na tawakkul vimo katika kinywa kimoja, kwa pumzi moja. Na baada ya miaka mingi ya kumlilia Yusuf (AS), bado aliwaambia wanawe waende wakatafute, wasikate tamaa (12:87).

Tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwenye vyuo, baada ya kuachwa ule mfumo wa pamoja uliokuwa chini ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Anaweza kuomba zaidi ya kimoja. Hiyo ndiyo milango mbalimbali. Kijana anayeomba chuo kimoja tu kwa kuwa rafiki zake wako pale, kisha akasema "nimemwachia Mungu", hajamwachia Mungu. Amemwachia karani. Wakulima wa Kondoa na Bahi hawajui mvua itaanza lini, lakini huwakuti wakiliacha shamba na visiki hadi mawingu yatande.

Haki za anayesubiri

Nami niliwahi kusubiri. Mwaka 2011 jina langu halikutoka mara ya kwanza. Usiku nilikuwa naamka kuswali, na mchana nikimchukia kila aliyechaguliwa. Nilifikia hata kutamani baadhi yao washindwe kwenda ili nafasi zirudi. Leo naona haya kwa dua zile. Qur'an inatukataza kutamani kile Allah alichowafadhili wengine, na inatuelekeza tumuombe Yeye katika fadhila zake (4:32). Kiti cha jirani yako si hazina ya Allah, na hazina yake haipungui mpaka jirani anyang'anywe ndipo wewe upewe.

Aliyechaguliwa naye ana wajibu. Wapo waliopata vyuo viwili au vitatu, na utaratibu unawataka wathibitishe kimoja ndani ya muda uliopangwa. Kuna anayethibitisha nafasi ambayo anajua fika hataikalia, ili awe nayo tu mkononi. Huyo ajue kuwa nyuma ya nafasi hiyo kuna mtu anayeamka usiku. Nafasi usiyoihitaji ni amana ya mwingine, iachie mapema.

Kisha kuna majaribu ya rushwa. Kaka wa binti yule alikuwa ameshapigiwa simu na mtu anayedai kuwa ana jamaa ndani, anataka shilingi laki tatu jina lisukumwe. Familia ilikuwa imeanza kuuza mbuzi. Wengi wa watu hao ni matapeli watupu. Lakini hebu tuseme ni mkweli na ana huyo jamaa. Hapo ndipo ubaya unapozidi, kwa sababu jina moja likiingizwa kwa fedha, jina lingine la mtoto wa maskini linatoka. Mtume (SAW) amemlaani mtoaji na mpokeaji. Chuo kilichoingiwa kwa mlango huo kinampa mtu shahada iliyoanza kwa dhulma.

Na sisi majirani tuache kuuliza "umechaguliwa wapi?" kila tunapokutana na kijana sokoni. Tukijua kuwa anasubiri, tumpe kazi ya kufanya, tumfundishe ufundi, tumkabidhi darasa la watoto madrasa. Siku za kusubiri ni sehemu ya umri wake, na ataulizwa juu yake kama siku nyingine zote.

Sasa nijibu swali. Binti yangu, unaomba nini usiku huu? Omba jina liwemo kama lina kheri nawe, wala usione haya, dua yako haijachelewa. Lakini usiishie hapo. Katika dua ya Istikhara aliyotufundisha Mtume (SAW) tunaomba jambo likiwa na shari liepushwe nasi, nasi tuepushwe nalo, tukadiriwe kheri popote ilipo, kisha turidhishwe nayo. Ombi hilo la mwisho halihusu orodha kabisa. Linahusu moyo utakaoisoma, na moyo huo bado haujafungwa dirisha.

Msomaji atataka kujua kama binti yule alipata. Sitasema. Nikisema alipata, utadhani dua yake ilikuwa sahihi kwa sababu hiyo. Nikisema alikosa, utadhani ilikuwa bure. Mbuzi waliobaki hawakuuzwa, na yeye alirudi kuniuliza swali jingine. Kwangu hayo yanatosha kuyaandika.

Tumuombe Allah (SW) awape vijana wetu elimu yenye manufaa, na atupe sote kuridhika na kile alichotuchagulia. Wallahu a'lam.