Ufukweni Poi: Padre Aliyevua Miaka Mitatu Bila Kuona Samaki



Vijana wapendwa, leo tusafiri. Nauli haihitajiki, wala hati ya kusafiria. Mt. Inyasi wa Loyola alifundisha namna ya kusali ambapo kwanza unajiwekea mahali mbele ya macho ya moyo: unaona njia, unasikia sauti, halafu ndipo unaongea na Bwana. Basi tufanye hivyo. Mimi mwenyewe huko sijafika, na sijui kama nitafika, maana ni mbali kupita hija zote ambazo parokia zetu huandaa.

Kisiwa kinaitwa Futuna. Kipo Bahari ya Pasifiki, katikati ya Fiji na Samoa, na kinatawaliwa na Ufaransa pamoja na mwenzake Wallis, ulio zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Unafika kwa ndege ndogo kutokea Wallis. Watu wa Futuna wote, wazee kwa watoto, ni kama elfu tatu na kidogo. Zipo parokia hapa kwetu zenye waamini wengi kuliko hao. Wewe ukiwa Dar es Salaam au Nairobi unasali sala ya usiku saa tatu, kwao ni saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake na jogoo wameshawika.

Upande wa mashariki kuna kijiji cha pwani kiitwacho Poi. Usitegemee ufuko wa kwenye kalenda. Futuna haina ile bahari tulivu iliyozungushiwa miamba kama Wallis; matumbawe yako karibu kabisa na nchi kavu, kwa hiyo wimbi linavunjikia palepale mbele yako. Ukigeuka unaona milima ya kijani, magimbi, na mishelisheli. (Ndiyo, shelisheli hilihili la Zanzibar na Tanga. Asili yake ni visiwa vya huko, sisi ndio tuliletewa.) Na hapo karibu na maji, kubwa kupita unavyotegemea kwa kijiji kidogo namna hiyo, lipo kanisa: basilika ya Mt. Petro Chanel.

Wengi wetu hatumjui. Siyo kosa letu. Kumbukumbu yake ni tarehe 28 Aprili, na kwetu ni ya hiari, tena siku hiyohiyo yuko Mt. Louis Marie wa Montfort, ambaye watu wa Legio Maria hawawezi kumwachia mtu nafasi! Lakini nakuomba leo ukae naye kidogo.

Petro Chanel alizaliwa Ufaransa mwaka 1803, mtoto wa wakulima. Alipopewa parokia ya kwanza, Crozet, ilikuwa imelala, na katika miaka mitatu ikaamka. Hilo ulishike, kwa sababu huyu hakuwa padre aliyeshindwa kazi. Alijua kuona watu wakirudi kanisani, alijua raha yake. Akajiunga na Shirika la Maria, wale tunaowaita Wamaristi, na mkesha wa Noeli mwaka 1836 akapanda meli kwenda Pasifiki. Njiani mwenzao mmoja, Padre Claude Bret, akafariki dunia baharini. Tarehe 8 Novemba 1837 Chanel akashuka Futuna. Pamoja naye alikuwa Bruda Marie-Nizier Delorme, kijana wa miaka 20 hivi. Rika lako wewe unayesoma. Askofu Pompallier akawaaga, akaendelea na safari. Chanel hakumwona tena.

Hapo sasa simama ufukweni uitazame ile merikebu ikipungua mpaka inakuwa doa.

Siku za kwanza hazikuwa mbaya. Mtawala wa upande ule, Niuliki, aliwakaribisha. Lakini lugha ilikuwa ngumu, kisiwa kilikuwa na pande mbili zinazopigana, chakula kuna siku kilipungua. Chanel alilima, alitibu wagonjwa, alitembea kutoka kijiji mpaka kijiji kwa miguu. Watu walimpenda kwa upole wake, wakamwita mtu mwenye moyo mwema. Ila kubatizwa? Hapana. Katika miaka mitatu na miezi mitano aliobatiza walikuwa wachache sana, na wengi wao watoto waliokuwa wanakufa.

Miaka mitatu, jamani! Sisi tukianzisha kikundi cha kusali Rozari, wiki ya tatu wakija wawili tunaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba vijana wa siku hizi hawana moto, na kinavunjwa.

Sasa nifungue Injili, sura ya 21 ya Yohane. Nayo ni habari ya ufukweni. Petro na wenzake wamevua usiku kucha, wamepata sifuri. Kunapambazuka, kuna Mtu amesimama pwani, nao hawamtambui. Anawauliza kama wana kitoweo, wanajibu hawana. Tunajua kinachofuata: watupe nyavu upande wa kuume, samaki 153, moto wa makaa, mkate. Tukihubiri habari hii tunakimbilia wale samaki. Mimi naomba tubaki kidogo kwenye ule usiku. Yohane hasemi kwamba walivua vibaya, wala kwamba walikuwa na dhambi fulani iliyofukuza samaki. Walifanya kazi waliyoijua, mahali walipopajua, na wavu ukatoka mtupu. Na Bwana yuko pwani muda wote ule wanaohesabu hasara.

Naandika haya kwa sababu ya ujumbe. Dada mmoja, yuko chuo mwaka wa pili, aliniandikia kabla ya Pasaka. Kaka yake aliacha kanisa, akaacha na kuongea na mama yao. Yule dada ameshasali novena sijui ngapi, amefunga Ijumaa, amemtumia kaka ujumbe mpaka akazuiwa namba. Akaniuliza hivi: "Nikiacha kusali, nitakuwa nimemkosea Mungu, au nitakuwa nimekubali tu ukweli?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Tuna majibu yetu ya haraka, ongeza imani, Mungu anajibu kwa wakati wake, nikaona aibu kumtumia hayo. Nikamwandikia habari za Poi.

Mwaka 1841 jambo likatokea. Meitala, mtoto wa Niuliki mwenyewe, akasema anataka kuwa Mkristo. Unafikiri ndiyo furaha imefika? Ndiyo kifo kilifika. Mamlaka ya mtawala yalikuwa yameshikana na dini ya mababu, na mwanae akiondoka ni kama nguzo ya nyumba imeondoka. Asubuhi ya tarehe 28 Aprili, Musumusu, mkwe wa Niuliki, akaenda na watu wake kwa Chanel pale Poi. Alikuwa na jeraha, akaomba dawa. Padre akageuka kumtafutia dawa. Naomba usipite haraka hapa: mfiadini huyu aliuawa akiwa anamhudumia muuaji wake. Wakampiga kwa rungu, wakampora vitu, na Musumusu mwenyewe akamalizia kwa shoka. Alikuwa na miaka 37.

Ukimpima siku ile jioni, pale mchangani, kwa hesabu zetu, utaandika nini? Waliobatizwa: wachache, na wengi wao wameshazikwa. Kanisa: hakuna. Mkatekumeni wake mkubwa: amepigwa. Padre: amekufa. Angekuwa mwenyekiti wa VIWAWA, mkutano mkuu ungempa kura ya kutokuwa na imani naye.

Mwaka uliofuata wamisionari walirudi Futuna, wakakuta watu wanauliza habari za ubatizo. Ndani ya miaka michache kisiwa karibu chote kikawa cha Kristo, na mpaka leo ni Kikatoliki karibu chote. Musumusu naye akabatizwa. Inasimuliwa kwamba alipokaribia kufa aliomba azikwe nje ya mlango wa kanisa la Poi, ili kila anayekwenda kumheshimu mfiadini apite juu ya kaburi lake. Papa Pius XII akamtangaza Chanel mtakatifu mwaka 1954, mfiadini wa kwanza wa Oseania, na masalia yake, yaliyokuwa yamesafirishwa mpaka Ufaransa, yakarudi Futuna mwaka 1977.

Najua kuna msomaji ameshafika kwenye hitimisho: "Kwa hiyo vumilia, utaona matunda." Sijasema hivyo. Chanel hakuona. Huo ndio mwiba wa habari hii, na tukiung'oa tutabaki na hadithi tamu ya kuwekea status. Alikufa akiwa ndani ya ule usiku wa wavuvi, kabla hakujapambazuka. Mt. Paulo anawaambia Wakorinto kwamba yeye alipanda, Apolo akamwagilia, ila anayekuza ni Mungu. Sisi tunataka kupanda, kumwagilia, kuvuna, na picha ya mavuno tupige wenyewe.

Na yule dada sikumwahidi kwamba kaka yake atarudi. Siwezi kuahidi kwa niaba ya mtu mwenye hiari yake, na Mungu mwenyewe hamlazimishi. Nilimwambia tu kwamba sala ya miaka minne iliyotoka na wavu mtupu haijapotea baharini, na kwamba asifikiri yuko peke yake kwenye chombo. Alijibu kwa neno moja, "Sawa." Sijui alimaanisha nini. Bado namsubiri.

Kabla hatujaondoka ufukweni, mtazame tena yule kijana, Bruda Marie-Nizier. Siku ya mauaji alikuwa upande mwingine wa kisiwa, watu wakamwonya, akaponea hapo. Akaondoka Futuna kwa meli iliyopita. Hakuna ambaye angemlaumu kama angerudi nyumbani Ufaransa kwa mama yake. Mwaka 1842 akashuka tena palepale Futuna, maana lugha aliijua, na wapya wangehitaji mtu wa kuwatafsiria. Akakaa miaka mingi. Yeye hakuuawa, hana basilika, na picha yake hutaiona kwenye kalenda. Alirudi kwa watu waliomuua rafiki yake, akaanza kuwafundisha sala.

Wiki hii, kwa anayependa, usiku kabla ya kulala soma Yn 21:1-14 polepole. Ukifika pale ambapo Bwana anauliza kama mna kitoweo, ufunge kitabu. Mtaje yule mtu au ile kazi ambayo wavu wake umetoka mtupu. Mjibu kama walivyojibu wao, kwamba huna kitu. Usiongeze maneno mengi.

Halafu lala. Futuna kumeshakucha.

Mt. Petro Chanel, utuombee.