Israfu Ukingoni mwa Ruvu

Mafundisho ya udhu yana sharti ambalo watu wa bonde la Ruvu wana sababu ya kulitafakari kuliko wengi: Mwislamu ameaswa asifuje maji hata anapotawadha kwenye mto unaotiririka. Sharti hilo linashangaza. Kata moja ya ziada haiupunguzi mto, na aliyeteka hatalala na kiu. Kama ubaya wa israfu ungekuwa upungufu tu, mtoni pasingekuwa na la kukatazwa. Hapo ndipo lilipo jibu kwa wanaouliza kwa nini kitongoji cha Mlandizi, Soga au Mzenga kihangaike kubana kuni, mkaa na umeme ilhali akiba yake yote haitapunguza joto la dunia hata chembe. Naamini wajibu huo upo, na ni mzito, ila haudaiwi kwanza na dunia. Unadaiwa na jirani: aliye bondeni zaidi, anayepika nyumba ya pili, na atakayezaliwa hapo hapo baada yetu. Anayefuja mtoni hachukui kilicho chake, hata kama hakuna anayemwona na hakuna atakayepungukiwa leo.

Ruvu yenyewe inaonyesha jinsi majirani hao walivyo wengi. Mto unaanzia milima ya Uluguru, unapita Kibaha, unaingia baharini karibu na Bagamoyo. Mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini wa mwaka 1976 ndiyo tegemeo kuu la maji la Dar es Salaam. Mvua zilipochelewa na kina cha mto kikashuka mwaka 2022, jiji lilipata maji kwa mgawo. Kando ya mto huo huo ipo misitu ya hifadhi ya Ruvu Kaskazini na Ruvu Kusini, na upande wa Kisarawe Pugu na Kazimzumbwi, ambayo kwa miaka mingi imekatwa ili jiji lipate mkaa. Ufujaji mkubwa hutokea kabla sufuria haijatengwa jikoni. Katika tanuri la kienyeji la kufukia kwa udongo, kilo 10 za kuni hutoa kilo moja au mbili tu za mkaa, na kuni zikiwa mbichi au mchomaji akiwa na haraka hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo maharage yaliyolowekwa tangu usiku na kupikwa yakiwa yamefunikwa yanaokoa mkaa kidogo jikoni, lakini yanaokoa kuni nyingi zaidi msituni.

Atasema mtu kwamba ni dhuluma kumhubiria mchoma mkaa wa Kisarawe juu ya kubana matumizi, wakati anayekula mkaa wake ni mkazi wa Kimara au Sinza jijini mwenye kipato kumzidi. Hoja hii ni ya kweli, na dini zetu zinaikubali. Haja si israfu. Anayekata mti ili mtoto apate daftari hayuko sawa na anayeacha makaa yawake bure baada ya chakula kuiva, na kila mtu hubebeshwa kwa kadiri ya uwezo wake. Mkaa hununuliwa kwa kopo, siku kwa siku, lakini mtungi wa gesi hudai fedha nyingi kwa mkupuo. Serikali imejiwekea mkakati wa mwaka 2024 hadi 2034 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Lengo hilo litabaki la wenye nacho iwapo gharama ya kuanza itaachwa kwa kila kaya peke yake. Ndiyo maana nasema huu ni wajibu wa jamii: vikoba vinavyokopeshana mtaji wa genge vinaweza kukopeshana jiko banifu. Hata umeme una somo lake, maana mteja wa daraja la chini la TANESCO hupata bei nafuu mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Taa inayowaka mchana inaweza kumtoa kwenye nafuu hiyo.

Pingamizi lililo zito zaidi kwangu ni la mcha Mungu: mvua ni ya Mwenyezi, na miti ataiotesha Yeye. Sina ugomvi na imani hiyo. Nauliza tu jinsi inavyopaswa kutendewa kazi. Zamani Wazaramo walipeleka sadaka kwa mzimu wa Kolelo, huko Uluguru, wakiomba mvua. Kwa kufanya hivyo walikiri kwamba maji yao yanategemea mahali wasipopamiliki. Na mafakihi wanapoelekeza sala ya kuomba mvua, huwataka watu kwanza watubu na warudishiane haki walizodhulumiana. Mkristo naye anaijua torati iliyomkataza mkulima kuvuna hadi pembeni mwa shamba, ili maskini na mgeni wapate. Katika mafundisho yote mawili, kumtegemea Mungu kunaanza na kumwachia mwenzio chake. Basi kijiji kinachoomba mvua huku kikiteketeza msitu wa wajukuu kina deni la kulipa kabla ya kuinua mikono.

Deni hilo linaweza kuanza kulipwa mahali ambapo waumini wenyewe hukusanyika. Maulidi, harusi, matanga na sikukuu za parokia hupikiwa katika masufuria makubwa juu ya mafiga matatu, moto ukitoka pande zote na moshi ukiwaumiza macho na vifua wanawake wanaopika. Tangu mwaka 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimetakiwa kuacha kuni na mkaa, lakini shughuli za ibada hakuna anayezikagua isipokuwa wenye nazo. Kamati ya msikiti iliyochangisha zulia, na baraza la kanisa lililochangisha kinanda, haviwezi kudai kwamba jiko kubwa la kisasa ni gharama isiyowezekana.