Kokwa za Tende Kichwani mwa Asmaa



Ndugu zangu katika imani, Asmaa binti Abubakar (r.a.) anasimulia, katika Kitabu cha Nikaha cha Sahihi Bukhari, kwamba alipoolewa na Zubair, mumewe hakuwa na mali ila ngamia wa kuteka maji na farasi. Asmaa ndiye aliyemlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi, akakanda unga. Mkate hakujua kuuoka vizuri. Wakamwokea majirani zake wa Kianswari. Akabeba kokwa za tende kichwani kutoka shamba la mumewe, mwendo wa zaidi ya kilomita 3. Baba yake alipompelekea mtumishi wa kumtunza farasi, alijiona kama aliyeachwa huru.

Zubair ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Hata hivyo Asmaa hakuuficha uzito wa maisha yake nyumbani kwake, na hakuna aliyesema imani yake ni dhaifu. Kauli yake tunaisoma darasani mpaka leo.

Nasema haya kwa sababu ya swali nililoulizwa likizo iliyopita, kijijini nje ya mji wa Koboko. (Sisi tunaosoma dini tukifika nyumbani tunaitwa sheikh hata kabla ya mtihani wa mwisho.) Mama mmoja, mumewe mfanyabiashara kati ya Arua na mpaka wa Oraba, hubaki peke yake wiki mbili mbili na mihogo, ufuta, maji na kuni. Aliniambia kwa Kinubi: "Mwanangu, akirudi huuliza kama mihogo imekauka. Mimi haniulizi hali. Nikichoka na ndoa hii, nina dhambi?"

Jibu letu la haraka mnalijua: subira, mama. Subira ni ibada kubwa, sikatai. Lakini mara nyingi tunalitoa neno hilo ili mazungumzo yaishe, na mume hasikii chochote.

Salman (r.a.) alifanya vingine. Alipomkuta Ummu Dardaa amejiacha bila kujipamba, alimuuliza ana nini, akajibiwa kwamba mumewe hana haja na dunia. Salman hakumhubiria yule mama. Alilala pale pale, akamwambia Abu Dardaa kwamba mke wake naye ana haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli. Abu Dardaa alikuwa ameshughulishwa na saumu na swala za usiku! Sembuse aliyeshughulishwa na magunia sokoni Arua?

Kuhusu kazi za nyumbani, wanazuoni wa Shafi na Hanbali wanasema mkataba wa nikaha haumlazimishi mke kuzifanya. Ibn Taymiyya ameona ni wajibu kwa kadiri ya desturi. Tubishane darasani tukipenda. Nafaka, hata hivyo, wote wanaiweka juu ya mume, na mke anayelima anamsaidia kuubeba mzigo wake. Halafu kuna pesa za ufuta. Suratun Nisaa, aya ya 32, inawapa wanawake fungu katika walichokichuma. Nani huzihesabu pesa hizo katika nyumba zetu?

Mtakaopewa mimbari likizo hii, Arua, Koboko au Yumbe, isomeni hadithi ya Asmaa siku ya Ijumaa, wakati waume wamekaa mbele yenu.

Wabillahi tawfiiq.