Mafuriko ya Mto Kagera na Harimu ya Mto katika Sharia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, ateremshaye maji kutoka mbinguni kwa kipimo, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya haya, enyi ndugu Waislamu: katika baraza zetu husemwa maneno ya namna mbili juu ya mafuriko, na yote mawili yana upungufu. Wako wasemao ni kudura tu, wala hapana wa kuulizwa. Na wako wasemao ni mambo ya hewa na ardhi tu, Mungu asitajwe. Kauli ya kwanza ni ya mvivu, na ya pili ni ya mtu aliyeghafilika. Sisi twaitakidi kuwa kila jambo ni kwa kadari ya Mungu, na kuwa Mungu huyo huyo ndiye aliyeziweka sababu. Mwenye homa hunywa dawa, wala hapana amwambiaye kuwa amekufuru kadari.

Nataka kuitaja habari ya Mto Kagera katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo hata mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Huenda mtu wa pwani akasema: Karagwe ni mbali, yatuhusu nini? Babu zetu hawakuiona mbali. Walifika kwa misafara ya pembe, wakawa na kituo chao cha biashara Kafuro katika zama za Mfalme Rumanyika, na Mzungu Speke alipofika nchi ile mwaka 1861 aliwakuta wamekwisha kutangulia. Tena mvua iangukayo kule, nyingine hutoka katika bahari hii tunayoivua. Bahari ya upande wetu ipatapo joto kupita desturi, na upande wa Sumatra ikapoa, mvuke hupanda kwa wingi, na mvua za vuli huja kwa nguvu bara nzima. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, na ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 2019. Masika yaliyofuata yakaongeza juu yake, hata mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria likapita alama liliyofika mwaka 1964. Hili halina mkono wa mkulima wa Kyerwa, na ni dhulma kumbebesha.

Na mto wenyewe una tabia yake. Hukusanywa na mito miwili, Ruvubu utokao Burundi na Nyabarongo utokao Rwanda, ikutanayo karibu na maporomoko ya Rusumo. Hapo hushika njia ya kaskazini, Rwanda ikiwa kushotoni, na Ngara, Karagwe na Kyerwa kuliani. Kisha hupinda mashariki, ukapita Murongo, Uganda ikiwa ng'ambo, hata ukaingia ziwani. Basi mvua inyeshayo katika vilima vya Kigali ni maji ya Karagwe baada ya siku kadhaa. Mtu wa Kyerwa aweza kulala chini ya mbingu yenye nyota, na maji yakampandia shambani. Lakini Mola ameweka katikati ya njia hiyo mabwawa na vinamasi vya mafunjo, ambamo maji hutanuka, yakapumzika, yakaacha tope lake. Kwa hiyo mto huu hupanda polepole na kushuka polepole, si kama makorongo yetu ya pwani yajaayo kwa saa moja. Vinamasi hivyo ni birika la umma, ijapokuwa wengi huviona ni ardhi iliyopotea bure.

Sasa ndipo inapoingia kazi ya mikono. Mlima uvuliwapo miti kwa makaa na mbao, nyasi zikachomwa kila kiangazi, na ng'ombe wakazidi katika malisho, tone la mvua hukuta udongo mtupu. Haliingii ndani, hukimbia juu, na hukimbia na udongo. Udongo ule huenda kulala katika mto, na mto ulioinuka chini hauna budi kumwaga kando. Wazee wa Kinyambo walilijua hili kwa kitendo: mgomba wao hutandikwa nyasi chini, na mvua hata ikiwa kubwa hufika ardhini imetulia. Na kule chini bondeni, mafunjo hukatwa na kuchomwa ili pandwe maharage na mboga ukingoni. Msimlaumu fakiri peke yake. Shamba la mlimani limegawanywa baina ya ndugu hata halitoshi, na bonde lina unyevu wakati wa kiangazi. Yeye amekimbilia penye chakula.

Na maji yakisha kuja, mashamba ya bondeni huoza, mbegu ya msimu ujao hupotea pamoja na chakula cha msimu huu, njia hukatika, na mgonjwa hukosa kufikishwa kwa mganga. Kubwa kuliko hayo ni kuwa vyoo hufurika, visima vikachanganyika na uchafu, na watu huteka humo humo. Kila mwanafunzi wa chuoni ajua kuwa maji yaliyogeuzwa rangi, tamu au harufu na najisi ni najisi, yakiwa mengi au machache. Na maji hayo ndiyo njia ya kipindupindu. Wachemshe, wala wasitegemee kuwa yanapita.

Yatazameni katika hadithi ya Anas. Mtu aliingia msikitini siku ya Ijumaa akamlalamikia Mtume (S.A.W.) ukame, akaomba dua, ikanyesha wiki nzima. Ijumaa ya pili akaja mtu akalalamika kuwa majumba yanaanguka na mali yanazama. Mtume hakuomba mvua ikome kabisa. Aliomba iondoke juu ya watu, iende juu ya vilima, na matumbo ya mabonde, na mahali paotapo miti. Zingatieni: ameitajia mvua makao yake. Nasi tumeing'oa miti, na katika tumbo la bonde tumejenga. Twaomba dua hiyo hiyo, na mahali inapoombewa mvua kwenda tumekwisha kupakalia sisi. Wala msidhani nawasema watu wa bara tu. Aliyeyaona maji ya Msimbazi pale Jangwani, Dar es Salaam, mwezi wa Desemba 2011, ameona jambo lile lile.

Fiqhi yetu imelisema hili zamani. Katika mlango wa kuhuisha ardhi mfu, maulamaa wa Kishafii wameeleza kuwa mto una harimu, yaani kando yake unayoihitaji kwa maji yake na kwa udongo utolewao humo, na harimu hiyo haimilikiwi kwa kulimwa wala kwa kujengwa. Wamelishika jambo hili kwa ukali hata wakasema jengo lililowekwa juu yake livunjwe, lingawa ni msikiti. Basi sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, msiione ni ugeni wa serikali. Na aliye juu ya mto ana haki ya kutangulia kunywesha, lakini akizidisha kupita desturi hata akaliharibu shamba la aliye chini, yampasa kulipa.

Limebaki suala ambalo huulizwa sana: je, yafaa kupeleka zaka ya pwani kwa waliofurikiwa Kagera? Kauli mashuhuri ya madhehebu yetu ni kuwa zaka haihamishwi na mji wake maadamu wako wenye kuistahiki, ingawa wako maulamaa walioruhusu. Ama sadaka haina mpaka. Mwenye kutaka kutoa na atoe mbegu ya maharage, na ifike kabla ya mvua za Septemba, kwani mbegu ifikayo Desemba huliwa, haipandwi. Wallahu aalamu.