Amri Isiyo na Askari

Agosti 2017, Kimbunga Harvey kilipokuwa kinaukaribia mji wa Rockport, Texas, kiongozi mmoja wa mji aliwashauri wakazi waliogoma kuhama wajiandike majina na namba zao za hifadhi ya jamii mkononi, kwa kalamu ya wino usiofutika, ili wakifa watambulike. Amri ya kuhama ilikuwa imetolewa, tena ya lazima. Hakuna askari aliyekuja kumburuta mtu sebuleni kwake. Mkaidi alipewa ushauri wa kalamu.

Ni amri ya namna yake. Huko Florida kuikaidi ni kosa la jinai kwa mujibu wa sheria, ila ni nadra mtu kufikishwa mahakamani kwa hilo. Texas wana sheria inayoruhusu mkaidi adaiwe gharama za kuokolewa. Ujumbe wenyewe unaeleweka: ondoka, na usipoondoka, upepo ukishaanza usitupigie simu. Sasa serikali ambayo haikusudii kutumia nguvu imebakiwa na nini cha kumfanya mtu mzima aitii?

Mwanafalsafa Joseph Raz angejibu kwamba imebakiwa na ujuzi. Kwake, amri inastahili kutiiwa pale ambapo nikiifuata nitatenda yale niliyokuwa na sababu ya kuyatenda, na nitayatenda vizuri zaidi kuliko kama ningejiamulia. Watabiri wana setilaiti na ndege zinazopenya hadi kwenye jicho la kimbunga. Mimi nina dirisha. Kwa hoja hiyo, kubishana nao ni kujidanganya.

Lakini mtabiri anaujua upepo, hamjui mama yangu. Hajui kama mgongo wake utavumilia kukaa ndani ya gari kutwa nzima. Septemba 2005, Kimbunga Rita kilipotishia Texas, zaidi ya watu milioni 2 waliingia barabarani kutoka Houston na pwani yake, na magari yakasimama juani kwa saa nyingi. Basi lililobeba wazee kutoka makao yao liliwaka moto karibu na Dallas, wakafa 23. Hesabu ilipofanywa, waliokufa wakikimbia walikuwa wengi kuliko waliouawa na upepo na maji. Na kimbunga chenyewe kilikwenda kutua upande wa mashariki, kwenye mpaka na Louisiana.

Je, waliobaki Houston walikuwa sahihi? Walikuwa na bahati. Wengi hawapendi kutenganisha mambo hayo mawili, na ndiyo maana maneno "safari ile walituhamisha na hakikuja kitu" yana nguvu kubwa kuliko ramani yoyote. Pwani ya Mississippi walikuwepo watu waliosema nyumba ambayo maji ya Kimbunga Camille hayakuifikia mwaka 1969 haiwezi kufikiwa na maji mengine. Mwaka 2005 Kimbunga Katrina kikaifikia. Hata kwetu Tanzania, Aprili 2019, Mtwara ilifunga shule ikijiandaa kwa Kimbunga Kenneth, kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji. Waliofunga shule hawakukosea. Amri kama hii lazima itoke wakati barabara zingali wazi, na wakati huo kimbunga kingali baharini, kinaweza kugeuka. Anayetaka uthibitisho kwanza anataka kitu kitakachopatikana baada ya daraja kufungwa. Kwa hiyo hata mfumo ulio bora kabisa utawahamisha watu mara kadhaa bila sababu kuonekana, na huo si udhaifu wa utabiri.

Wapo watakaoniambia kwamba maisha ni ya mtu mwenyewe. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, alimfikiria mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Kama hajui na hakuna muda wa kumwonya, mkamate. Kama amekwisha kujua, na hatari yenyewe haina uhakika, mwonye kisha mwache avuke. Mzee aliyesikiliza redio, akaelewa, akaamua kubaki, kwa mizani ya Mill ana haki yake, na mimi nakaribia kukubali. Kinachonizuia ni kwamba mtu wa Mill anavuka peke yake. Ile kauli ya "hatutakuja" waokoaji wenyewe hawaiwezi. Upepo wa Katrina ulipopungua, helikopta za Walinzi wa Pwani ziliwaopoa watu kwenye mapaa ya New Orleans bila kuuliza nani aliisikia amri na nani hakuisikia. Walikuja, kwa kuhatarisha maisha yao. Na mtoto aliye ndani ya nyumba hakushirikishwa katika uamuzi wowote. Haki ya kubaki ina nguvu kwa mtu mzima anayeishi peke yake, na inadhoofika kwa kila kichwa kinachoongezeka chini ya paa lake.

Hata hivyo, lawama hizi zina mahali pa kuishia. Amri ya New Orleans ilitolewa asubuhi ya tarehe 28 Agosti 2005. Katrina ikatua kesho yake asubuhi. Takriban robo ya kaya za mji huo hazikuwa na gari. Mabasi ya shule yalipigwa picha yakiwa yamezama, yamepangwa mistari kwenye maegesho. Karibu nusu ya waliokufa Louisiana walikuwa na umri wa miaka 75 au zaidi. Kisha watu hao wakaambiwa walikataa kuondoka. Huwezi kukataa njia ambayo hukupewa. Mwenye gari, mafuta na ndugu bara anadaiwa utii. Asiye na hayo ndiye anayedai, na anachodai ni basi.

Bangladesh walilielewa hili kwa gharama ya kutisha. Kimbunga cha mwaka 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Nchi ikajenga makimbilio yaliyoinuliwa juu ya ardhi, mengine yakiwa na sehemu ya mifugo, ikaandaa watu wa kujitolea wanaopita na vipaza sauti kijiji kwa kijiji. Mwaka 2020, Kimbunga Amphan kilipokuja, zaidi ya watu milioni 2 walihama, na waliokufa nchini humo hawakufika mia. Sidhani kama tabia ya watu ilibadilika. Aliyekuwa akifa na ng'ombe wake alipata pa kumpeleka ng'ombe. Marekani nayo, baada ya kuona watu wakikataa boti kwa sababu mbwa hawaruhusiwi, ilipitisha mwaka 2006 sheria ya kutaka wanyama wa nyumbani waingizwe kwenye mipango ya kuhamisha watu.

Limebaki jambo ambalo amri hizi hazilitaji, nalo ni kurudi. Baada ya Katrina, wakazi wa mtaa wa Lower Ninth Ward, New Orleans, walikaa miezi wakizuiwa kuishi tena kwao, na majengo makubwa ya nyumba za umma mjini humo yalifungwa, baadaye yakabomolewa. Waliotii wakajikuta Houston au Atlanta bila mlango wa kuufungulia kwa ufunguo waliokuwa nao. Mpangaji maskini anayesita kwenye ngazi ya basi na kuuliza atarudishwa lini, na nani, ameuliza swali ambalo mwenye kutoa amri alipaswa kuwa na jibu lake kabla hajapanda jukwaani.